Jeneza la Fintan Asiyepiga Magoti

Tulieni, enyi watu wa bonde la Glanmora, niwasimulie habari za enzi ya mababu wa mababu zetu, wakati Ayalandi yote ilipokuwa chini ya mabwana wa ng'ambo, na mkulima akifukuzwa kwenye shamba alimozikwa babu yake. Ndipo alipozaliwa Fintan mwana wa Ruari, mwana wa Lorcan, Fintan Asiyepiga Magoti, yule aliyeng'oa mlango wa gereza akaja nao begani mpaka kwao.

Ndiye aliyewafundisha babu zetu kususa. Alisema, "Bwana mwenye shamba msimpige wala msimtukane. Msimwitikie salamu, msimvunie, msimzikie maiti wake." Wakamsusa mpaka akafunga virago. Na palipotaka bunduki, Fintan aliishika miaka saba milimani, mvua ikimnyeshea, hata mabwana wakaomba suluhu.

Suluhu hiyo ilikuwa na sharti chungu: nchi ikatwe, kaskazini ibaki mikononi mwao. Fintan alikwisha kuzika vijana mia wa bonde hili, naye alichoka kuzika. Akatia saini. Taifa likamfanya mkuu wake, likampa nyumba ya vyumba arobaini, akala peke yake humo.

Ndugu zake watatu walimkana. Akarudi bondeni kutafuta neno moja tu la mama yake, Nuala, naye Nuala akasimama mlangoni mbele ya watu wote.

"Mwanangu hapigi magoti," alisema. "Wewe sikujui."

Basi bonde zima likamsusa. Nasema kweli, ingawa ni babu zangu: tulimkosea mtu yule.

Mwajua udongo mweusi wa kinamasini, tunaoukausha uwe kuni, huchimbwa kwa ushirika, nyumba hii ikiisaidia ile. Kila mwaka mkuu wa taifa alikuja na sepetu yake, akachimba fungu la mama yake bila msaidizi, akaupanga udongo ukutani kwa mama, na hakuna aliyempa hata maji. Nuala aliuwasha kipupwe chote, lakini neno hakutoa. Mwaka wa kumi na mbili Fintan alianguka kinamasini, akafa, na sepetu iko mkononi.

Desturi yetu ilitaka jeneza libebwe na wanaume wanne wa ukoo wa marehemu. Ndugu zake walisimama mbali, mikono mifukoni, na askari waliotoka mjini hawakuwa wa ukoo. Jeneza likakaa barabarani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ndipo Nuala, mwenye miaka themanini na mmoja, alipovua shali yake akatia bega chini ya mbao.

"Mwanangu amechoka," alisema. "Nipeni wanawake watatu."

Wakajitokeza watatu. Njia nzima hadi makaburini alizungumza naye, habari za miaka kumi na miwili, ng'ombe aliyezaa, paa lililovuja, na waliofuata nyuma walisikia yote.

Ndiyo maana hata leo, bondeni kwetu, mwanamume hagusi jeneza.