Mkongojo Usiolazwa Chini

Sogeeni karibu. Mwenye karanga atafune polepole, maana leo hadithi mnapewa, na hukumu mtatoa wenyewe.

Bibi Nakundwa wa milima ya Upare alikuwa na wajukuu watatu. Senzota alikuwa fundi wa vidude vidogo kama punje ya hindi. Elinami alijua kupitisha ujumbe hata mahali ambapo simu hutafuta mtandao mpaka zichoke. Nanzia hakujua nyaya. Alijua kukaa na mtu.

Bibi aliishi peke yake, na goti lake la kushoto halikuwa la kuaminika. Wajukuu wakataka nyumba yenyewe imwangalie, wakaja na kamera. Bibi akaja juu.

"Sitaki jicho ukutani! Nimezaa watoto saba humu ndani, leo nichunguliwe nikivaa?"

Senzota akafikiri siku nyingi. Mwisho akauomba mkongojo wa mpingo ambao Bibi aliachiwa na marehemu mumewe, akatoboa kishikio, akaficha kidude ndani. Kidude hakikuona wala hakikusikia. Kilijua tu mkongojo umesimama, umeinama au umelala. Na ili Bibi asihangaike na chaji, kila hatua yake ilikitia nguvu.

"Hiki angalau hakichungulii," Bibi akasema, akaenda zake shambani.

Elinami akapanda na kushuka vilima kwa miguu. Bondeni, kwenye shamba la tangawizi la Bibi, mtandao haukufika kabisa. Akafunga visanduku juu ya mapaa, kimoja kikikiambia kingine, hadi habari ifike kwenye simu za majirani na zahanati. Umeme ukikatika, jua liliviendesha.

Lakini mwezi wa kwanza ulikuwa vituko vitupu. Bibi akiegemeza mkongojo amenye maharage, simu zililia. Jirani akiuazima afukuze nyani, simu zililia. Watu walifika mbio, wanahema, wakamkuta anakunywa uji.

"Mmekuja kunizika na uji sijamaliza?"

Mara ya sita walikuja wawili tu. Bibi alicheka, lakini moyoni aliingiwa na hofu: je, siku ya kweli, nani atakuja?

Ndipo Nanzia akahamia kwake miezi miwili, akapika naye, akapalilia naye. Akaona jambo. Bibi aliuegemeza mkongojo, aliutundika, aliuazimisha, ila hakuulaza chini hata siku moja, na majirani nao hawakuthubutu.

"Mkongojo ukilazwa chini humwita mwenyewe atoke kaburini," Bibi akamweleza.

Nanzia akawaambia ndugu zake, "Mkongojo ukiinama, kidude kinyamaze. Ukilala chini, hapo kipige kelele."

Senzota akakirekebisha hivyo. Simu zikatulia, majirani wakarudisha imani.

Asubuhi moja ya palizi, Bibi aliteleza katikati ya tangawizi. Nyonga ikavunjika, mkongojo ukaanguka kando. Alimkumbuka mumewe, akaogopa kweli. Kabla jasho halijamkauka, akasikia vishindo vya watu wakiteremka. Walikuja wote.

Alirudi kutoka hospitali na chuma cha kutembelea, chenye miguu minne. Basi mkongojo ukawa unahitaji mwenyewe mpya. Mumewe alikuwa amemwachia neno: haurithiwi msibani, hutolewa kwa mkono, apewe aliyekuinua ulipoanguka.

"Bila kidude changu, ule ni mti tu," akasema Senzota.

"Na bila njia yangu, kingelia bondeni peke yake," akasema Elinami.

Nanzia akasema taratibu, "Na bila mimi, Bibi, wangesikia wasije."

"Mnasema kweli nyote," Bibi akajibu, machozi yakimlenga. "Nawapenda sawasawa, na ndiyo shida yangu."

Mpaka sasa ameketi mbele yao, ameushika wima kifuani. Mkono umeanza kumchoka, na chini, mnajua wenyewe, haulazwi. Haya, wewe uliyesikiliza, mwambie upesi: amkabidhi nani?