Mkaa Hauungui

Paukwa. Itikieni basi, au ubwabwa umewafunga midomo? Pakawa mlima, mlimani pakawa moshi, kwenye moshi pakawa mtu, peke yake.

Ndiye Senkondo, mchoma mkaa wa mhunzi. Mkewe alikwisha kufa. Alibaki na binti mmoja, Nakiete, naye siku hiyo alikuwa anaolewa kule bondeni.

Na siku hiyohiyo tanuri lilikuwa linafuka. Mnalijua tanuri nyie? Magogo hupangwa, yakafunikwa majani, majani yakafunikwa udongo. Udongo ukipasuka huzibwa. Usipozibwa, hewa huingia na magogo yote huwa majivu. Mvua zilikuwa karibu, watu wanangojea majembe, na mhunzi hakuwa na mkaa mwingine.

Asubuhi Nakiete akapanda kumfuata.

"Baba, twende. Si yameshaungua hayo?"

"Nyumba ndiyo huungua, mwanangu. Magogo ya mkaa huiva. Yakiungua, nimepata majivu."

"Yataiva lini?"

"Moshi ukiwa wa buluu. Bado mweupe."

"Na mimi nani atanitoa?"

Senkondo aliutazama moshi. Aliutazama, wajukuu zangu, hata mimi ninayesimulia nasikia uchungu.

"Baba yako mdogo yupo," akasema mwisho. "Nenda, mama."

Nakiete akateremka. Ngoma zikalia, Senkondo akaziba ufa. Ngoma zikalia, akaziba ufa. Vigelegele vilipopanda mlima alishindwa, akashika njia, na nyuma yake udongo ukapasuka. Akarudi kuziba. Alilia, na wewe usicheke, mtu mzima alilia mikono imejaa udongo.

Bondeni wakamsema: "Mkaa bure si sawa na mtembea bure. Kamtupa mwanawe, kakaa na magogo."

Ngoma zikamsindikiza bibi harusi kwa mumewe, zikafifia, zikaisha. Ndipo moshi ukageuka wa buluu. Hakuwa na wa kumwambia.

Majembe yakafuliwa, watu wakalima, wakala wakashiba. Nakiete naye alilima, lakini mlimani hakukanyaga mpaka mwanawe wa kwanza alipoanza kutembea. Siku hiyo alimkuta baba yake ameinama kwenye tanuri, mgongo umepinda. Hakusema samahani wala nimekusamehe. Alimweka mtoto chini, akafunga kanga kiunoni.

"Kalale, baba. Leo nakaa mimi."

Basi mkimwona mtu amekaa, msimwite mvivu kabla hamjajua anakaa na nini. Kisa nimekitua hapo: utamu wake gawaneni, uchungu niachieni.