Mgeni wa Kila Jumapili

Hii imenifikia leo asubuhi kutoka kwa mtu ambaye naye alitumiwa na mtu. Nimeisoma mpaka chai ikapoa. Kama una mtoto, mdogo wako au jirani aliyeko chuoni, usikae nayo peke yako.

Palikuwa na kijana mmoja aitwaye Ambakisye, mtoto wa Rungwe, aliyepata nafasi ya kusomea uhandisi katika chuo kikubwa kilicho mbali sana na kwao. Nyumbani kwao dini haikuwa jambo la kuchagua. Mama yake alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili asubuhi nyumba nzima ilitoka pamoja, aliyechelewa akamalizia kufunga vifungo vya shati njiani.

Alipofika chuoni, aligundua jambo lililomtisha kidogo. Hakuna aliyemwamsha. Jumapili yake ya kwanza alilala mpaka jua likamchoma usoni, na hakuna mtu aliyeuliza. Akakaa kitandani akijiuliza, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kama yeye mwenyewe anamwamini Mungu au alikuwa anamfuata mama yake tu. Swali hilo lilimnyima raha. Akaamua kutafuta watu wa kusali nao, labda kwao angepata imani ya kwake mwenyewe.

Kutafuta hakukuwa kazi, maana chuo kile kilikuwa na vikundi vya maombi kila kona. Kundi kubwa kuliko yote lilikutana ukumbini, lina kinanda, ngoma na spika za kutetemesha madirisha. Lingine lilikutana bwaloni, na wahubiri wake walikuwa wakali wa Maandiko. Lingine lilikuwa ghorofani, na hao baada ya ibada walikuwa na chai na maandazi.

Vikundi hivyo vyote vilikuwa na desturi moja, na kila aliyepita chuoni anaijua. Kabla ya mahubiri, kiongozi hupaza sauti: "Wageni wetu wasimame tuwaone!" Mgeni husimama, hutaja jina lake, anakotoka na anachosoma. Basi hapo huimbiwa wimbo wa kukaribishwa, watu humpungia mikono, na waliokaa karibu naye humkumbatia kama ndugu aliyerudi safari.

Ambakisye alianzia ukumbini.

"Bwana Yesu asifiwe!" alisema aliposimama.

"Amina!" ukumbi mzima ukaitikia.

Akaimbiwa, akakumbatiwa, akaitwa mtumishi. Kijana wa watu alirudi bwenini akitabasamu peke yake. Alijiambia, hapa ndipo penyewe.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyemwimbia. Alikaa katikati ya watu kama mtu yeyote. Dada mmoja alimwambia asogee ampishe, na ibada ilipoisha kaka mmoja akamwomba abaki kupanga viti. Ambakisye akaona upendo wa pale umepungua ghafla. Wiki iliyofuata akaenda bwaloni. Huko alikuwa mgeni, akasimama, akaimbiwa.

Na huo ndio ukawa mwendo wake. Akishazoeleka hapa, anahamia kule, na sababu hazikumpiga chenga hata siku moja. Wa ukumbini walikuwa na kelele. Wa bwaloni, mahubiri marefu. Wa ghorofani, alisema, wanajuana mno wao kwa wao. Vikundi vilipomwishia pale chuoni akaanza kuzunguka makanisa ya mjini.

Chumbani aliishi na kijana wa Pangani aitwaye Athumani, Mwislamu, mtu wa utani mwingi.

"Leo ni zamu ya wapi?" Athumani alimuuliza Jumapili moja, huku akinyoosha shati lake kwa pasi.

"Kuna kanisa moja karibu na stendi. Nasikia kwaya yao si ya mchezo."

"Na wale wa juzi?"

"Mhubiri wao ana sauti ya kukwaruza."

"Amba, ndugu yangu, imamu wa msikiti ninakoswali mimi anakohoa tangu mwanzo wa hotuba hadi mwisho, na Ijumaa naenda kama kawaida. Hivi wewe unatafuta Mungu au unatafuta mchumba?"

Ambakisye alicheka, lakini maneno yale yalimchoma. Alitoka bila kuaga.

Palikuwa na kikundi kimoja tu ambacho hakuwahi kuingia. Kilikutana kwenye maabara ya zamani ya kupimia udongo, nyuma ya karakana. Siku moja alipita hapo akachungulia dirishani. Akaona watu wachache wamekaa kwenye vigoda, wameanza wimbo juu mno na sasa hakuna anayeufikia, na kijana aliyetakiwa kuhubiri anapekuapekua Biblia hajui somo lake liko wapi. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Mpaka anaingia mwaka wa pili, Ambakisye alikuwa maarufu. Hakatizi uwanjani bila kusikia "Mtumishi!" kutoka huku na huku, naye akiinua mkono kwa unyenyekevu. Lakini akipiga magoti peke yake, maneno hayakuja. Alikuwa amezoea kusema amina kwenye maombi ya wengine. Lile swali la Jumapili ya kwanza lilikuwa bado liko palepale, naye alilikwepa kwa kuvaa viatu na kwenda mahali papya.

Jumamosi moja, kabla ya adhuhuri, baba yake akapiga simu. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Mama yako ana uvimbe tumboni. Madaktari wanasema wasisubiri. Anaingia chumba cha upasuaji leo saa tisa."

"Baba, nakuja."

"Hutawahi, mwanangu. Na Jumatatu una mtihani. Mama yako anakuomba kitu kimoja tu. Kusanya wenzako wa kanisa, saa tisa mumwombee. Jana alikuwa analia. Akajifuta machozi mwenyewe, akasema, 'Amba ana watu huko.'"

Simu ilipokatika, Ambakisye aliandika haraka kwenye magrupu yote aliyokuwamo. Majibu yakamiminika. "Pole sana mtumishi." "Tuko pamoja katika maombi." "Mungu wetu si wa kushindwa." Na vile vikatuni vya mikono iliyounganishwa, vingi visivyohesabika.

Akafarijika. Akafagia chumba, akashusha godoro sakafuni ili watu wapate pa kukaa. Maana desturi ya chuoni aliijua: mtu akiwa na shida, wenzake wa ibada humfuata chumbani, wakaimba naye na kusali naye. Wiki chache nyuma, jirani yake aliumwa malaria, na viatu vya waliokuja kumwona vilijaa korido ya bweni mpaka watu wakapita kwa kuruka.

Saa saba ikapita. Hakuna mtu. Saa nane ikapita. Alifungua mlango mara kwa mara, akakuta korido tupu. Akaona heri apige simu. Akafungua majina yaliyo kwenye simu yake, akasoma: Mtumishi Ukumbini. Kaka Kinanda. Dada Maandazi. Alikuwa amewahifadhi wote kwa mahali alipokutana nao, na hakumjua hata mmoja kwa jina lake. Atamwambia nini Dada Maandazi? Njoo umwombee mama yangu?

Aibu ikamshika, akaiweka simu chini.

Athumani alirudi kutoka kufua, akakuta godoro sakafuni na mwenzake ameinamisha kichwa. Akauliza, akaelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, na safari hii hakutania. "Saa tisa, eh?" alisema, akavaa kandambili, akatoka.

Ambakisye aliumia. Hata huyu naye ameniacha, alijiambia. Akapiga magoti. Akasema, "Mungu," akakwama hapohapo, kwa kuwa hakujua anaongea na nani. Akalia kwa sauti. Alimwona mama yake akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, ameridhika kwamba mtoto wake ana watu. Alikuwa amemdanganya mama bila hata kusema uongo.

Saa tisa ikiwa inakaribia, akasikia hodi.

Mlangoni alisimama dada mmoja mwembamba amefunga kitambaa kichwani, na nyuma yake vijana kadhaa wakivua viatu, wote wana vumbi mpaka kwenye nyusi. Nyuma kabisa alikuwa Athumani, ameshika kandambili moja mkononi.

"Mimi naitwa Nakundwa," alisema yule dada. "Sisi ni wa maabara. Pole, kaka. Tunaweza kukaa?"

Ambakisye akasogea kuwapisha. Aliwatazama, akamtazama Athumani. "Umewatoa wapi?"

"Sikuwatafuta hawa, nilikuwa natafuta watu wako," Athumani akasema huku akihema. "Nimeanza ukumbini, nikawaambia mwenzenu ana shida. Wakasema, Ambakisye? Tunampenda sana yule, lakini ni wa bwaloni. Nikaenda bwaloni, wakasema huyo ni wa ghorofani. Ghorofani wakaniambia rudi ukumbini, huyo ni wa kule. Kila mmoja anadhani umeshapata wa kukaa nawe. Wallahi nimezunguka mpaka kandambili imekatika. Amba, watu wote wanakujua, lakini huna wa kwako."

Ambakisye alitamani sakafu ipasuke aingie.

"Na nyie?" alimuuliza Nakundwa kwa sauti ndogo. "Mimi si wa kwenu. Sijawahi hata kuingia pale."

"Tunajua. Sisi tulikuwa tunafagia tujiandae na kesho. Huyu ndugu yako akapita ana hasira, akatuuliza kama tunakufahamu, tukasema hapana. Ndipo akatusimulia alikozunguka." Nakundwa akainua mabega. "Tukaona, kama hana kwake, basi ni wetu. Tukaacha mifagio."

"Lakini hamnijui."

"Tutakujua baadaye. Mama anaitwa nani?"

"Tumpale."

"Haya, tumwombee mama Tumpale. Muda umefika."

Wasomaji wangu, nisiwadanganye kwamba paa lilifunguka. Wimbo walianza juu mno, kama kawaida yao, ukawashinda kwenye ubeti wa kwanza wakaushusha. Kijana mmoja mwenye kigugumizi aliomba, na kila alipokwama wengine walimsubiri. Mwingine alikosea jina la mama, akarekebishwa, akaendelea. Athumani alikaa karibu na mlango, viganja wazi juu ya magoti yake, akiomba kwa namna yake.

Kisha Nakundwa akamgusa Ambakisye begani. "Nawe sema."

Ambakisye akafumba macho. Hatimaye akasema, "Mungu, mimi sikujui kama watu wanavyodhani. Mama ndiye anayekujua. Nimekuwa nikizunguka. Nakuomba usimchukue kabla na mimi sijakujua. Na kama nimechelewa, nisaidie." Maneno yakaishia hapo. Lakini kwa mara ya kwanza alihisi kuna anayemsikiliza, akabaki palepale magotini, asitake kuondoka.

Hawakumwacha. Mmoja akaenda kupika uji, wengine wakajilaza kwenye godoro wakijisomea. Jua lilipokuwa linazama simu ikalia, wote wakainuka kwa pamoja.

"Ametoka salama," baba alisema. "Anauliza maji."

Kesho yake, Ambakisye aliingia maabara. Hakuna aliyemwambia asimame. Nakundwa alimnyooshea ufagio, akamwonyesha kona ambayo jana waliiacha. Akafagia. Tangu siku hiyo akawa wa pale, na msidhani alipaona pazuri. Wahubiri waliendelea kupotea kwenye Biblia. Watu waligombana kwa sababu ya funguo za mlango. Ziko Jumapili alizotamani kwenda kusikia kinanda cha ukumbini, na moja kweli alilala makusudi. Walimgongea mlango mpaka akaamka.

Mama yake alipopata nguvu za kuongea, alimpigia.

"Baba yako ameniambia mlisali. Mlikuwa wengi?"

"Wachache, mama."

"Wanaimba vizuri?"

"Hapana."

"Mahubiri je?"

"Wanajitahidi."

"Sasa kimekuweka nini hapo? Si uende kwenye wazuri?"

Ambakisye alifikiri. "Mama, wananikera kweli. Lakini nikiwa nao ninaweza kuomba."

Mama yake akacheka, halafu akaguna kwa maumivu. "Usinichekeshe, nyuzi zitaachia." Kisha akasema taratibu: "Ulidhani mimi miaka yote nilikuwa napendezwa na kila kitu kule kanisani? Yule mzee Mwangoka anayejifanya msemaji wa kila kikao, nimemvumilia tangu hujazaliwa. Na hapa hospitali, nilipofumbua macho, ndiye niliyemkuta amekaa kando ya baba yako. Alikuwa hajala tangu asubuhi, alikuwa amefunga kwa ajili yangu."

Funzo: Kujulikana na wengi si sawa na kuwa na wako. Acha kutafuta kundi lisilo na kasoro. Chagua watu wa kusali nao, kaa nao wakuzoee na uwazoee, kwa kuwa Mungu mara nyingi huja kwetu kupitia wale tuliovumiliana nao.