Jua la Usiku

Gu, gu, gu! Usiku wa manane, kule bwawani, kuna anayegugumia maji! Digidigi akamkumbatia mwanawe kichakani. Kiangazi mwezi wa tano sasa, maziwa yamemkauka, kila mnyama kapimiwa mafunda mawili kwa siku. Nani huyo? Akajua, akanyamaza. Si aliyaona yaliyompata Kakakuona?

Mlinzi wa bwawa alikuwa Fisi, aliyewekwa na Simba mwenyewe. Kila asubuhi maji yamepungua, na Fisi, tumbo ngoma, analia, "Jua, Mfalme! Jua linatumaliza!"

Siku moja Kakakuona akauliza barazani, polepole, "Jua linakunywaje maji usiku? Mlinzi naye alindwe. Tulinde kwa zamu."

Manyoya ya Simba yakamsimama. "Mimi nimchague mwizi? Basi kuanzia leo jua linawaka usiku na mchana! Anayebisha atoke!"

Kakakuona akatoka. Wanyama wakamzomea, na Digidigi naye, kwa woga, akazomea.

Sasa mtoto hata kulia hawezi. Kulipokucha Digidigi akakimbia kwa Sungura, maneno yakimtoka mbiombio: "Kaka Sungura, nimesikia, sijasema kitu, usinitaje, mwanangu anakufa!"

Sungura akacheka. "Dada, kwani nani kasema tubishe? Sisi tutii."

Usiku ule wakaenda kwa Simba, Digidigi na mwanawe, Sungura na mkeka begani. "Shikamoo, Mfalme! Twende bwawani tukaote jua lako."

"Saa hizi?"

"Kwani halipo?"

Simba akakohoa. "Lipo. Tena kali." Akatangulia, akijipepea kwa mkia.

Wakamkuta Fisi kainama, gu, gu, gu!

"Mfalme," Sungura akanong'ona, "mbona jua lako lina madoa?"

Fisi akajaribu kukimbia, tumbo likamshinda, pwaa, topeni! Simba alipomaliza kumtimua hadi ng'ambo ya mlima, mtoto wa Digidigi alikuwa ameshazamisha pua majini.

Asubuhi Kakakuona akarudishwa, zamu zikapangwa. Digidigi akamwomba radhi kwa kuzomea.

"Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga," Kakakuona akajibu, akaenda kushika zamu yake.

Simba akamvuta Digidigi kando. "Mama, lile jua la usiku… lisifike mbali."

"Mfalme, nimemwambia Chiriku tu, basi," Digidigi akasema. "Naapa, simwambii mwingine!"