Kanzu Iliyobaki Chini ya Sindano

Sogeeni. Mkubwa asione haya kukaa bega kwa bega na mtoto, maana kwa fumbo hili mtatoka sawa. Mimi shule niliiachia darasa la sita, walimu walipoishiwa cha kunifundisha, lakini Korogwe nzima inamjua aliyeamua kesi ya kuku mwenye wenyewe wawili, wakaondoka wote wameshiba. Kesi hii ya leo imenilaza chali. Nawapa nyinyi.

Palikuwa na fundi cherehani, Bi Mashavu, mumewe Mzee Mhina, na watoto wao watatu. Mwajabu, wa kwanza, alijaliwa mikono ya kuunda: mpe mabaki ya kitambaa, kesho umemkuta ameyafanya pazia. Kibwana, wa pili, alijaliwa jicho la kasoro: chuya moja kwenye sinia la mchele ilimwita kwa jina. Tunu, kitinda mimba, alijaliwa subira: uzi ukijifunga fundo, wenzake hukata, yeye hufungua.

Mwajabu alimtengenezea mama yake tovuti ya kuuzia magauni. Siku ya kurekodi neno la kukaribisha wateja, Bi Mashavu alianza vizuri, karibuni sana, mishono yote ipo, kisha katikati akageuza shingo: "Baba Mwajabu, hebu funga mlango, vumbi linaingia kwenye kitambaa." Mwajabu akataka kukata kipande hicho. Mama akamzuia. "Kiache. Wateja wajue nina mume, ila kusikia ndiyo mbinde."

Bi Mashavu alifariki akiwa anamshonea mzee kanzu ya Idi. Mkono mmoja ulikuwa tayari. Wa pili ulibaki chini ya sindano, umebanwa na ule mguu wa chuma wa cherehani unaokandamiza kitambaa, na Mzee Mhina akapiga marufuku mtu yeyote kuuinua. Macho yake yalikuwa yameshazima. Kilichobaki ni masikio. Kila alasiri walimfungulia ukurasa ule, akamsikiliza mkewe akimgombeza, akatabasamu. Simu iliyorekodi iliibwa sokoni zamani, kwa hiyo sauti ilikuwa pale tu.

Sasa tovuti nayo ina vazi lake, mafundi huliita mandhari. La tovuti hii lilichakaa, wenye mtambo unaoihifadhi tovuti wakaonya kwamba halitafunguka tena. Mwajabu akashona jipya, la mtindo wa siku hizi ambao kila kitu ni kitofali: kitofali cha picha, kitofali cha maandishi, kitofali cha sauti, unavipanga kama fundi mwashi. Akaivisha tovuti. Ukurasa ukawa mweupe pe, kama sanda.

Na wiki hiyohiyo Mzee Mhina akaanguka. Hospitali wakamrudisha nyumbani, wakasema kaeni naye karibu. Ijumaa baada ya swala aliomba kitu kimoja tu, sauti ya mama yao. Walipomweleza, alisema, "Mmemzika mara ya pili." Halafu, kwa upole zaidi: "Atakayenirudishia sauti yake ndiye atakayeichukua cherehani. Yeye ndiye atakayeuinua ule mguu."

Hapo sikilizeni, mgao wa kazi ndio huu.

Mwajabu alikifuata kila kitofali cha vazi lile, cha kichwani mpaka cha miguuni, akaunda upya vilivyokosewa. Alilia akiunda. Bila mikono yake pasingekuwa na pa kuiweka sauti, wala sauti yenyewe isingekuwapo. Lakini alipomaliza, ukurasa ulibaki mweupe.

Kibwana akasogeza kiti, akasoma faili la mipangilio, lile linaloambia vazi rangi na vipimo. Akapita mstari kwa mstari, kidole kikiwa kwenye kioo. Karibu na mwisho akasimama. "Dada, hapa umebakiza koma." Ilikuwa koma moja, mwisho wa orodha, na baada yake hapakuwa na kitu. Koma humwambia msomaji ngoja, kuna lingine linakuja. Kompyuta ikangoja. Kibwana akaifuta, na ukurasa ukarudi na rangi zake, magauni yote yakajipanga. Bila jicho lake wangekuwa wanautazama weupe mpaka leo. Lakini mahali pa sauti palikuwa na kisanduku cha kijivu kinachosema: kitofali hiki kina hitilafu, nikirekebishe?

Mwajabu akanyoosha mkono abonyeze ndiyo. Kibwana naye akasema bonyeza, baba anahema vibaya. Tunu akaikamata mikono yao.

"Msikate," alisema. "Kwanza tuone ndani mna nini."

Akakifungua kitofali upande wa ndani, kule kwenye maandishi ya mashine. Sauti ilikuwapo, imezongwa na maagizo ya lile vazi la zamani ambayo jipya halikuyaelewa. Wangebonyeza, mashine ingefuta kila isichokielewa, pamoja na njia ya kuifikia sauti, na wangebaki kuitafuta katika mamia ya sauti walizotuma wateja kwenye tovuti wakitaja vipimo vya viuno, zote zina namba tu, hazina majina. Tunu akazongoa neno kwa neno, akaitoa sauti nzima, akaiweka kwenye kitofali kipya.

Wakaiweka simu kwenye mto, kando ya sikio la baba yao.

Karibuni sana, mishono yote ipo. Kisha: baba Mwajabu, hebu funga mlango, vumbi linaingia kwenye kitambaa.

Mzee Mhina akainua mkono, akaupeleka hewani kama anayetafuta komeo. "Nimeshafunga, mama Mwajabu," akasema. Hakusema tena.

Baada ya arobaini waliniita niamue, kwa kuwa sifa zangu zimewafikia hata wasiozitaka. Niliwakuta wameizunguka cherehani.

"Mimi ndiye niliyemrekodi," alisema Mwajabu. "Na ni jina langu alilomwitia baba."

"Na wewe ndiye uliyempoteza," alisema Kibwana. "Mimi ndiye niliyeona."

"Ukaona, ukasema bonyeza," alisema Tunu.

Nilitaka kuwachekesha na ile ya kuku, mdomo ukakataa. Niliitazama ile kanzu: mkono mmoja, sindano katikati ya mshono, uzi haujakatwa. Hata mwenye kuivaa hayupo. Kisha nikaona jambo lililonimaliza. Wote watatu walikuwa wanagombea cherehani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameusogelea ule mguu wa chuma.

Basi nyinyi mnaojua, semeni. Mmoja aliiumba sauti na kuipoteza, mmoja aliona kosa, mmoja aliuzuia mkono. Je, wewe ungeamua vipi? Cherehani ungempa nani? Na ukishampa, utamwambia aumalize ule mkono wa kanzu, au aufumue?

Amueni upesi. Mlango wa chumba cha cherehani tangu msiba haufungwi, na vumbi linaingia kwenye kitambaa.