Kengele ya Sekunde Mbili

Sogeeni. Leo nawapa fundo. Mwenye kucha alifungue.

Katika mji mmoja wa mtoni palikuwa na kituo cha kupokea simu za dharura na kutuma magari ya wagonjwa. Mtambo wake ulikuwa kompyuta moja kubwa, iliyogawanywa ndani kwa ndani ikawa seva pepe sita, kama kompyuta sita ndani ya moja, zote zikila sahani moja: diski ileile. Mafundi walikuwa watatu: Siwatu mwenye sikio, Kihiyo mwenye subira, na Nasieku mwenye shingo ngumu. Mkuu wao alikuwa Bwana Lyatuu.

Siwatu alikwenda kukaa na wapokea simu siku tisa, akiwasikiliza. Ofisini walikuwa wakipima prosesa tu, ubongo wa mtambo, na prosesa haikufika hata nusu ya nguvu yake.

"Si mambo mazuri hayo?" akasema Bwana Lyatuu.

"Mazuri kwako, bosi. Dada wa simu akibonyeza 'tuma gari', anangoja. Inayoelemewa ni diski. Tupime kungoja kwake."

Akaambiwa aachane na hayo. Hakuachana nayo. Alikiweka kipimo chake.

Kihiyo alisoma kumbukumbu za mwaka mzima za kipimo hicho, siku moja baada ya nyingine. Akaona kuwa kungoja kukivuka sekunde mbili, nusu saa haipiti kabla mfumo wote haujaanguka. Basi akaweka kikomo: sekunde mbili, kengele ilie. Bwana Lyatuu alitaka kumi.

"Italialia, itatuaibisha mbele ya wageni."

Kihiyo akamsogezea kibodi. "Kumi andika wewe, mzee, na jina lako uliweke. Mkono wangu hauandiki."

Bosi hakuandika.

Masika yakaja, na asubuhi moja mto ukavunja kingo. Simu zikamiminika, watu wako juu ya mapaa. Kengele ikalia. Siwatu alikuwa likizo ya uzazi, Kihiyo anaumwa. Nasieku alikuwa peke yake. Ukumbini, Bwana Lyatuu alikuwa akiwaonyesha wajumbe wa bodi takwimu zilizotoka kwenye moja ya seva hizo hizo. Akapiga simu.

"Zima hiyo kengele!"

"Sizimi."

"Ni amri!"

"Basi nifukuze mchana. Sasa hivi nina kazi."

Nasieku akazima seva nne, akianza na ile ya maonyesho ya bosi, akabakiza mbili za kupokea simu na kutuma magari. Ukuta wa ukumbini ukawa mweusi, diski ikapumua. Hakuna simu iliyokatika. Watu sitini na wawili walishushwa wakiwa hai, mmoja wao mama aliyejifungulia juu ya bati.

Na mchana, kweli, Nasieku akafukuzwa.

Bodi ilipopata habari kamili ilimrudisha, ikamwondoa Bwana Lyatuu, kisha ikawaita watatu. "Kiti cha mkuu ki wazi. Nani akikalie?"

"Mimi," akasema Siwatu. "Bila kipimo changu mngeitazama prosesa mpaka maji yawafike shingoni."

"Mimi," akasema Kihiyo. "Kwenye sekunde kumi, kengele ingewalilia maiti."

"Kengele haimshushi mtu juu ya paa," akasema Nasieku. "Nilizima mimi, nikafukuzwa mimi."

Hakuna aliyeinamisha macho. Bodi ikaahirisha kikao, ikaahirisha tena. Mpaka leo kiti ni kitupu.

Haya, mmesikia wote. Wewe ungempa nani? Na wale wawili, ungewatazama usoni ukawaambia nini?