Chujio la Pombe ya Ngasa

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa chungu, kuni, na pua ya kunusia.

Hapo zamani, zamani ile moshi uliposimama angani bila kujua uende wapi, palikuwa na mjane aitwaye Milembe. Mumewe, Ngasa, alikuwa amekufa mwaka uliopita. Desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: mwaka ukitimia, mjane humpikia marehemu pombe safi ya mtama. Akiinywa, huenda zake kwa wenziwe. Asipoinywa, hukaa mlangoni akikonda, mwisho huwa upepo tu, hana jina wala ukoo.

Basi Ngasa alikuwa amekaa mlangoni, ukuta ukionekana kupitia kifuani mwake. Kila asubuhi alisema, "Milembe, koo langu kavu."

Milembe alijibu, "Vumilia, mwenzangu. Natafuta chujio."

Kimea, ule mtama uliooteshwa ukakaushwa, kilichobaki ghalani kilitosha vyungu vitatu. Cha nne hakikuwapo.

Milembe alisifika kijijini kwa unga laini. Kimea kile alikitwanga, akakipepeta mpaka kapi la mwisho likaruka, akakisaga laini kama majivu. Chungu chake kilitobolewa kitako, naye alitaka kitu cha kutandika juu ya matundu, kizuie machicha na kuachia maji matamu.

Akamwendea Buibui. Buibui akampa utando wa tabaka saba, akijisifu kwamba hata ndoto haipiti hapo. Milembe akautandika, akamimina kimea na maji ya moto, akangoja. Halikutoka tone. Akangoja tena. Halikutoka tone. Machicha yaliganda juu ya utando, na kesho yake yakanuka. Akayamwaga.

"Milembe, koo langu kavu."

"Vumilia, mwenzangu. Natafuta chujio."

Akamwendea Nungunungu, akapewa miiba ya kupanga kitakoni. Nafasi kati ya mwiba na mwiba ilipitisha kidole. Milembe aliiona, akamimina hivyo hivyo. Kimea chote kikashuka, kikawa uji, na uji hauagi mtu. Mnacheka? Mimi sicheki. Mwanamke huyu nampenda.

Kikabaki chungu kimoja. Asubuhi ile Ngasa alisema maneno yale yale, lakini sauti ilikuwa ndogo, na miguu yake haikuonekana tena. Hapo Milembe akashikwa na hofu ya kweli.

Akamwendea Mnana, yule ndege msuka nyasi. Mnana akamsukia kung'uto, chujio la nyasi la kawaida kabisa, kisha akamuuliza makapi huyatupa wapi. Milembe akajibu kwamba mwanamke anayejiheshimu hasagi makapi.

"Kosa lako ndilo hilo," akasema Mnana. "Kung'uto linashika makapi tu. Makapi ndiyo yanayochuja. Kimea kiparaze, usikilainishe. Maji yakitoka machafu, yarudishe juu polepole. Na usikoroge."

Milembe akaparaza kimea na makapi yake, akijificha kwa haya majirani wasimwone. Maji ya kwanza yalitoka machafu, akayarudisha. Ya pili yalikuwa na ukungu, akayarudisha. Ya tatu yakatoka meupe kabisa, hata akaiona sura yake ndani, na nyuma ya sura yake mlango, na mtu aliyekaa. Akayaacha siku tatu, yakawa pombe.

Ngasa akapokea kibuyu kwa mikono miwili. Hakunywa.

"Chungu cha kwanza ulikiharibu makusudi?"

"Hapana."

"Na cha pili?"

Milembe akatazama chini. "Niliiona nafasi kati ya miiba. Nilitaka ukae siku chache tena."

"Nami nilipouona ule uji," akasema Ngasa, "nilifurahi."

Akanywa. Akanywa. Akanywa. Kibuyu kikabaki chini, kitupu, na mlangoni pakabaki jua. Milembe alilia mpaka jioni, kisha akala, jambo ambalo hakuwa amelifanya vizuri mwaka mzima.

Basi ninyi mnaopika, makapi msiyadharau, na chungu msikikoroge kwa haraka. Na umpendaye akiwa na safari yake, mpe pombe safi aende, hata kama moyo unataka akae.

Hadithi yangu imechuruzika hadi tone la mwisho. Machicha wapelekeeni kuku. Na wewe uliyeficha kibuyu nyuma ya mgongo, nimekuona, kipitishe huku.